Vidonge vya Siku ya Tano

Mama yangu alizikwa mikono yake ikiwa imefunga. Vidole vilikuwa vimelala vyote upande mmoja, kuelekea kidole kidogo, mfano wa nyasi zilizolazwa na mvua, na tulipotaka kumshikisha rozari kiganja kilikataa. Kwetu Walungu, watu walisema ni karuho, ile sumu ya polepole ambayo mtu hutiliwa katika pombe ya kasiksi na jirani mwenye kinyongo. Wengine walisema ni baridi ya mabondeni, kulima kabla ya jua. Alitapishwa. Alichanjwa magotini kwa wembe, akapakwa majivu. Aliishi na maumivu yale miaka kumi na minne, na katika miaka yote hiyo sikumbuki mtu hata mmoja aliyemuuliza yanakuja saa ngapi na yanaondoka saa ngapi.

Kwangu ilianza na chaki. Zilikuwa mvua za Novemba 2011, nafundisha darasa la nne katika shule moja ya Kadutu, hapa Bukavu. Nikainua mkono kuandika tarehe ubaoni, chaki ikadondoka. Nikaiokota, ikadondoka tena. Watoto walicheka, nami nikacheka nao. Jioni ile nikisonga bugali, mwiko ulinishinda. Vifundo viwili, cha kidole cha shahada na cha kidole cha kati, vilikuwa vimevimba, ngozi inang'aa, na ukiviweka shavuni unasikia moto. Wiki tatu baadaye mkono wa kushoto ukafuata, vifundo vilevile, kana kwamba mmoja unamwiga mwenziwe. Kisha ikaja miguu, pale mbele chini ya vidole, mahali mtu anapokanyagia akipanda mlima.

Na Bukavu ni milima tu. Anayeutazama mji wetu kutoka ziwani huona rasi za kijani zilizoingia majini kama vidole vya mkono uliotulia, akausifu. Anayeishi Kadutu anaujua kwa magoti. Kwenda sokoni ni kupanda, kwenda kazini ni kushuka, na njia zenyewe ni ngazi za udongo ambazo mvua ikinyesha zinageuka utelezi. Maji ya bomba yakikatika, unashuka na bido tupu na kupanda nayo imejaa. Nilijifunza kushuka kinyumenyume, nikijishika kuta za nyumba za watu. Majirani walidhani nimeanza kunywa.

Asubuhi ndizo zilizonivunja. Shule inaanza saa moja na nusu; mimi niliamka saa kumi ya alfajiri, kwa sababu mwili wangu ulihitaji saa mbili na zaidi kabla haujakubali kuwa mwili. Nilikaa kitandani nikiwa nimetumbukiza mikono katika beseni la maji ya moto, nikisubiri vidole vifunguke. Binti yangu mkubwa, wakati ule ana miaka kumi na miwili, ndiye aliyenifunga vifungo vya blauzi. Alikuwa ananifunga kimya, haraka, bila kunitazama usoni, ili nisione aibu. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko vifundo.

Ugonjwa huu Kiswahili kimeuita baridi yabisi. Sisi wa Bukavu tumechukua neno la Kifaransa tukasema rimatisi, lakini wazo ni lilelile: baridi imeingia kwenye mifupa. Yabisi ni kavu, ngumu, na kwa ugumu neno limesema kweli. Kwa baridi limenipotosha. Kwa sababu ya jina hilo nilivaa sweta mbili, nikaacha kufua, nikakataa kukaa upande wa dirisha linalotazama ziwa, na wakati wote vifundo vyangu vilikuwa na moto, si baridi.

Dawa ya maumivu mjini kwetu haitafutwi mbali. Kila baada ya hatua chache kuna duka lenye msalaba wa kijani, na ndani yake kijana mwenye joho jeupe anayekusikiliza vizuri kuliko watu wengi. Kwa yule wangu nilipelekwa na mwalimu mwenzangu. Alitazama mikono yangu, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, akakata kipande cha karatasi ya daftari, akakunja pembe zake na kutia ndani vidonge vya aina nne. Cha njano, viwili vyeupe vikubwa, na kimoja kidogo sana, kidogo kuliko punje ya mtama uliomea vizuri. Akaniambia, "Mama, asubui na magaribi. Utaona."

Niliona. Kesho yake niliamka vidole vimefunguka.

Sitaki kuipita asubuhi hiyo upesi, kwa sababu watu wanaotukaripia kwa kumeza dawa za karatasini hawajui tunapewa nini. Nilifumba mkono nikafumbua. Nilifunga vifungo vyangu mwenyewe, vyote saba, nikavifungua nikavifunga tena. Nilimwamsha papa wa watoto nikamwonyesha. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, na nilikwenda misa ya asubuhi siku iliyofuata nikatoa sadaka kwa ajili ya yule kijana. Nafuu ile haikuwa uongo. Uongo ulikuwa katika kile nilichodhani kimetokea.

Baada ya miezi michache nilianza kunenepa uso. Mashavu yalijaa, shingo ikapotea. Kwetu hiyo ni baraka, na wanawake wa chama chetu cha parokia walinizunguka: "Mama, unanona! Papa iko anakutunza muzuri!" Wapo wanawake katika nchi yetu wanaokinunua kidonge kilekile kidogo kwa makusudi, wapate mashavu na makalio. Nilipokea sifa. Sikusema kwamba mapaja yangu yalikuwa yanakonda wakati uso unajaa, kwamba nikigusa meza tu nabaki na alama ya zambarau, kwamba tumbo linawaka usiku. Na karatasi ya wiki moja sasa ilikuwa inaisha kwa siku nne.

Mwaka 2014, mwezi wa Mei, kijana yule aliishiwa. Mzigo wake haukufika, akaniambia nisubiri. Siku ya kwanza nilivumilia. Siku ya tatu nilianguka mbele ya darasa. Si maumivu yaliyoniangusha. Ni nguvu zilizoniacha zote kwa mara moja, nikatapika, macho yakaona giza. Walinibeba wanafunzi wa darasa la sita juu ya benchi mpaka barabarani, kisha teksi.

Hospitalini nilipata bahati ya daktari kijana wa magonjwa ya ndani. Kabla ya kunigusa aliuliza swali ambalo mama yangu hakuulizwa kamwe: "Mama, asubui ukiamuka, bidole binakawiyaka wakati gani mbele bifunguke?" Nikamjibu, saa mbili, wakati mwingine tatu. Akaandika. Akabonyeza vifundo kimoja kimoja, mkono wa kuume na wa kushoto, akilinganisha. Kisha akaomba nimwage mkoba wangu mezani. Akaokota karatasi yangu ya mwisho iliyokunjwa, ambayo ndani mwake ulikuwa umebaki unga tu na nusu ya kidonge kidogo, akanishikia mbele ya macho: "Hiki kinaitwa nani?"

Sikujua. Miaka miwili nilikuwa nameza kitu asubuhi na jioni bila kujua jina lake, mimi ambaye humtaka kila mtoto ataje jina lake lote kabla sijampa daftari.

Kilikuwa deksamethasoni. Ni ndugu wa kortisoni, na habari ya kortisoni daktari alinisimulia siku nyingine, ameketi pembeni mwa kitanda. Mwaka 1948, katika kliniki ya Mayo huko Marekani, daktari Philip Hench alimpa dawa hiyo kwa mara ya kwanza mwanamke mmoja mgonjwa wa viungo ambaye alikuwa hawezi kutoka kitandani. Baada ya siku chache alitembea. Mwaka 1950 Hench na wenzake wawili walipewa tuzo ya Nobel. Muda si muda madaktari wakaanza kuona sura zinazovimba, mifupa inayopungua, sukari inayopanda, vidonda vya tumbo. Nilimfikiria sana mwanamke yule. Nilijua alivyofurahi asubuhi ile, na nilijua ngozi yake ilikuwa inaelekea wapi. Mwili wetu una kiwanda chake kidogo cha kitu kama hicho, juu ya figo; ukiuletea kutoka nje kwa muda mrefu, kiwanda kinafunga, na siku mzigo wa nje usipofika, hakuna kitu. Ndivyo nilivyoanguka. Kwa hiyo hakunikataza dawa ile papo hapo. Alinipa prednisoloni kwa kipimo alichokijua, akakipunguza kidogo kidogo kwa miezi, mpaka kiwanda kikafungua mlango tena.

Damu yangu ilipimwa, mikono ikapigwa picha. Katika picha, pembe za mifupa ya vidole zilikuwa zimeliwa kidogo, kama ukingo wa daftari uliopitiwa na mende. Daktari alisema mwili una askari wa kuulinda, na wangu wamegeuka kuishambulia nyumba waliyowekwa kuilinda. Nilimwelewa kabla hajamaliza. Mtu wa Kivu hahitaji kufafanuliwa habari ya askari anayekula raia. Akasema pia kwamba dawa za maumivu, na hata ile deksa kwa namna nilivyoimeza, zinanyamazisha kelele wakati nyumba inaendelea kubomolewa. Ilihitajika dawa ya kuwatuliza askari wenyewe. Aliandika jina lake kwa herufi kubwa, silabi kwa silabi, kwenye jalada la ndani la daftari langu: ME-THO-TREK-SA-TI.

Shemeji yangu anayejua kusoma karatasi za dawa aliisoma ile ya ndani ya boksi akanirudishia mikono inatetemeka. Ni dawa ya kansa. Ni kweli, dawa za ukoo huo zilianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa watoto wenye kansa ya damu. Jumuiya ikaja kuniombea. Mwanamke mmoja akanipa chupa ya majani ya porini na kuniapisha nisiiguse sumu ya wazungu. Nilirudi kwa daktari na hasira. Hakukasirika. Alinieleza kwamba kipimo ndicho kinachoifanya dawa hii kuwa hii au ile: kwa kansa hutolewa kwa wingi, kwa viungo hutolewa kidogo, na mara moja tu kwa wiki. Tangu 1951 kuna daktari aliyeona ndugu mmoja wa dawa hii akituliza viungo. Miaka ya 1980 ilijaribiwa vizuri, na mwaka 1988 Marekani ikairuhusu rasmi kwa ugonjwa wangu. Shirika la Afya Duniani limeitia katika orodha ya dawa muhimu. Haina mwenye hati miliki tena, kwa hiyo ile inayotengenezwa India inaweza kununuliwa na mwalimu.

Vidonge sita vya miligramu mbili na nusu, mara moja kwa wiki. Neno "kwa wiki" alilipigia mstari mara tatu kwa kalamu nyekundu, kwa sababu wapo waliovimeza kila siku kwa kukosea, wakafa. Pombe hapana, hata kasiksi ya harusi. Mimba hapana. Kesho yake, asidi foliki. Kila mwezi mwanzoni, damu ya kuangalia ini na chembe. Baadaye kila miezi mitatu. Nikichemka homa, nisisubiri. Nilichagua siku ya tano, yaani Ijumaa, jioni, ili kichefuchefu, kama kinakuja, kinikute siku ya posho, Jumamosi, nikiwa nyumbani. Kalenda ya parokia ikatundikwa juu ya meza, na kila siku ya tano nikatia msalaba kwa chaki ya bluu.

Dawa ya pili aliyonipa ilinigusa kwa njia nyingine. Hidroksiklorokini. Nilipoionja tu ulimini niliujua uchungu wake: ni Nivaquine ya utotoni, ile tuliyobanwa pua ili tuimeze tukiwa na malaria, kabla haijaachwa kwa kushindwa na vimelea. Sasa, mtu wa Bukavu anajua kinini. Hapa kwetu ndipo penye kiwanda cha Pharmakina, kinachotoa kinini katika magome ya mkinkina uliopandwa kwenye milima ya Kivu tangu enzi za Wabelgiji. Mwaka 1942 Wajapani walipoiteka Java, iliyokuwa ikitoa karibu kinini yote ya dunia, majeshi ya upande wa pili yalibaki bila dawa ya malaria. Askari wakapewa vidonge vya kutengenezwa vilivyoitwa mepakrini. Ndipo baadhi ya wenye vipele vya ngozi na maumivu ya viungo wakaona kitu ambacho hakuna aliyewaahidi: wanapata nafuu. Mwaka 1951 daktari Mwingereza aitwaye Page aliandika juu ya hilo, na miaka minne baadaye hidroksiklorokini ilikuwa tayari. Dawa yangu haitoki katika magome yetu; inatengenezwa kwa kemia. Lakini waliotafuta kinini ya maabara ndio walioifikia, na mimi niliyekua napita karibu na magunia ya magome yale nilisikia kwamba nimepewa kitu cha ukoo.

Kisha, hakuna kilichotokea.

Hapo ndipo watu wanapoacha, na siwalaumu. Wiki ya kwanza, kichefuchefu. Ya tatu, nywele chache kwenye kitana. Ya tano, vifundo ni vilevile, na prednisoloni inapunguzwa. Ya saba nilipita mbele ya duka la yule kijana, nikasimama. Alikuwa amepata mzigo. Alinisalimia kwa furaha, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, na najua kama ningeingia, kesho yake ningefunga vifungo vyangu. Nilisimama pale muda wa kusali Salamu Maria tatu. Nikaenda zangu nikilia njiani, mwanamke mzima, na kila hatua ya kupanda ilinilaumu.

Wiki ya kumi na moja, siku ya pili asubuhi, nilikuwa wa kwanza kufika shuleni. Mvua ilikuwa imekatika. Nilifungua kufuli ya darasa, nikaingia, nikafungua madirisha, nikaanza kuandika tarehe. Nilikuwa nimeshaandika mwaka ndipo nikasimama. Kufuli ile ni kuukuu, ufunguo wake unataka kukazwa na kuzungushwa kwa nguvu ya kidole gumba, na kwa miaka mitatu nilikuwa nikimngoja mlinzi anifungulie. Nilirudi mlangoni nikaitazama inaning'inia. Sikukumbuka kuifungua. Maumivu yalikuwa hayakuniaga. Yalikuwa yameondoka kimyakimya, na mkono ukaenda kufanya kazi yake bila kuniuliza.

Sikupona. Vidole viwili vya mkono wa kuume vimebaki vimepinda, kwa sababu mfupa ulioliwa haurudi. Kuna wiki viungo vinaamka tena, na hapo naketi. Kila mwaka natafuta mahali pa kupimwa macho kwa ajili ya ile dawa chungu. Malaria bado naipata, na nalala katika chandarua kama wengine. Mwaka 2020, dunia ilipodhani hidroksiklorokini ni dawa ya korona, ilitoweka madukani na nikakaa bila hiyo miezi minne, mpaka majaribio yalipoonyesha kwamba haimsaidii mgonjwa wa korona na kelele zikatulia. Februari 2025, mji ulipotwaliwa na waasi, benki zikafungwa, jambo la kwanza nililofanya baada ya kuhesabu watoto ni kuhesabu vidonge. Vilikuwa ishirini na vitatu, wiki nne kasoro kidonge kimoja. Vingine vilivuka daraja la mpakani la Ruzizi katika soksi ya mpwa wangu. Msalaba wa chaki haujaruka siku ya tano hata moja.

Mwezi uliopita nilikuwa katika soko la Kadutu, nanunua sambaza. Muuzaji ni mwanamke mdogo kwangu, labda miaka thelathini. Alikuwa anachota samaki kwa glasi, lakini anaishika glasi kwa viganja viwili, vidole vimenyooka, havikunji. Nilipompa noti, ilidondoka. Aliiinamia, akacheka kidogo. Kwenye fundo la kikwembe chake, alipolifungua anirudishie chenji, palikuwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa pembe.

Nyuma yangu watu walikuwa wanasukumana. Niliweka kapu chini.

"Yaya," nilimwambia, "asubui, bidole binakawiyaka wakati gani mbele bifunguke?"

Alinitazama mikono kwanza, kisha uso. Akaiweka glasi juu ya samaki.

"Mpaka jua ifike ku mulango, Mama," akasema. "Wewe ulijuaje?"